Mguu unaowaka moto usiku, mchana hauhisi mwiba

Mtu amelala, na shuka jepesi lililogusa vidole vya miguu linamuuma. Nyayo zinawaka kama aliyekanyaga majivu ya moto, vidole vinachomwa sindano zisizoonekana, na kila akijigeuza anatafuta upande wa kitanda wenye ubaridi. Asubuhi mtu huyohuyo anavaa viatu, anashinda navyo kutwa, na jioni akivivua anakuta kijiwe kilichokuwa ndani kimemchimba kidole mpaka damu. Hakuhisi kitu. Na mguu ni uleule uliomnyima usingizi.

Anayesimulia hali hii huonekana anajichanganya. Akiulizwa kama mguu unauma au umekufa ganzi, jibu lake la kweli ni vyote viwili, na wasiomwelewa hudhani anatia chumvi. Hatii. Ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo, na mtu akishaelewa kwa nini mguu mmoja unaweza kupiga kelele na kuwa bubu kwa pamoja, mengine yote kuhusu matibabu na maisha ya kila siku hukaa mahali pake.

Lugha yetu nayo inatuponza kidogo hapa. Mshipa kwa Kiswahili ni njia ya damu, ni njia ya fahamu, wengine huita hivyo hata kano, na mtu akikwambia ana mshipa huenda anamaanisha ngiri au busha. Ndiyo maana mwenye ganzi huambiwa kwamba mishipa yake imeziba, kisha anahangaika na vitu vya kusafisha damu. Neno ganzi lina shida hiyohiyo: ile inayokuja ukikalia mguu vibaya na kukutoka baada ya dakika mbili, na ile isiyotoka kwa miezi sita, zote tunaziita ganzi. Ya kwanza ni neva iliyobanwa kwa muda mfupi. Ya pili ndiyo ninayoizungumzia, na ili tusipotezane nitatumia neno neva peke yake. Jina la hali hii ni ugonjwa wa neva za pembeni. Hospitalini utasikia pia wakiiita nyuropathi.

Uzi wa mita moja

Ubongo na uti wa mgongo ndio makao makuu. Jozi 31 za neva zinazochomoza kwenye uti wa mgongo, pamoja na nyingi kati ya zile jozi 12 za kichwani, ndizo zinazoitwa neva za pembeni. Ndani ya neva moja mna nyuzi nyingi sana, na kila uzi ni sehemu ya seli moja tu. Seli inayohisi kidole gumba cha mguu ina kiini chake karibu na uti wa mgongo, sehemu ya chini ya mgongo, lakini uzi wake umenyooka mpaka kidoleni. Kwa mtu mzima huo ni urefu wa kama mita moja. Karibu kila kinachohitajika kuufanya uzi uishi hutengenezwa kule juu na kusafirishwa polepole kwenda chini.

Fikiria mfereji wa kumwagilia mashamba. Maji yakipungua kwenye chanzo, mwenye shamba la kwanza hajui kama kuna shida. La mwisho ndilo linalokauka. Neva nazo hivyo. Chochote kinachodhoofisha seli zote za neva mwilini, iwe sukari, sumu au upungufu wa vitamini, huonekana kwanza pale uzi ulipo mrefu kuliko kwingine: ncha za vidole vya miguu, miguu yote miwili kwa pamoja. Kisha ganzi inapanda taratibu kama mtu anayevaa soksi. Inapokaribia magoti, vidole vya mikono navyo huanza, kwa kuwa nyuzi za mikono ni fupi na zamu yao ndiyo sasa imefika. Madaktari huita mpangilio huu soksi na glavu. Mgonjwa anayesema ilianza miguuni, baada ya mwaka mmoja au miwili ikaingia vidoleni, amekwisha kumpa daktari nusu ya jibu.

Mpangilio ukiwa tofauti, maana nayo hubadilika. Ganzi ya mkono mmoja, kwenye kidole gumba na viwili vinavyofuata, inayomwamsha mtu usiku akawa anakung'uta kiganja, kwa kawaida ni neva moja iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Maumivu ya ngozi upande mmoja wa kifua baada ya mkanda wa jeshi ni neva iliyoachwa na makovu ya virusi. Na maumivu ya shavu la mguu yanayokuja ukitembea na kuisha ukisimama huelekea zaidi kwenye damu isiyofika vizuri, kwa sababu maumivu ya neva za pembeni hufanya kinyume: mchana kwenye shughuli hutulia, ukilala yanaamka. Mwenye kisukari anaweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo mapigo ya damu ya mguu hupimwa hata kama dalili zinasema neva.

Kelele na kimya

Nyuzi zenyewe si za aina moja. Zile nene, zilizovikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, hubeba mguso, mtetemo, na taarifa ya mguu ulipo hata macho yakiwa yamefumbwa. Nyembamba hubeba maumivu, joto na baridi. Nyingine huamrisha misuli. Nyingine hufanya kazi bila sisi kuzituma: mapigo ya moyo, shinikizo la damu, mwendo wa chakula tumboni, jasho, kibofu, nguvu za kiume. Ndiyo maana mtu mwenye ganzi ya miguu anaweza pia kuona kizunguzungu akisimama ghafla, kushiba kabla hajala, au kushindwa chumbani, na asijue kwamba yote ni mambo ya mti mmoja. Hayo ya chumbani hasa husitirika, na kwa sababu hayasemwi hayatibiwi.

Uzi ulioumia una tabia mbili. Ama unanyamaza, ama unapayuka. Unaponyamaza, tunapata ganzi. Unapopayuka, unatuma ujumbe wa moto pasipo na moto, na ubongo, ambao hauna njia ya kwenda kuangalia kidoleni, unaamini. Kwenye mguu mmoja kuna maelfu ya nyuzi zilizo kwenye hatua tofauti za kuumia, hivyo nyingine zimekwisha kuzimika huku jirani zake zikipiga mayowe. Hapo ndipo shuka linapouma na kijiwe kisiume.

Kwa hiyo maumivu yakipungua, kuna maelezo mawili. Huenda neva zinapona. Huenda pia nyuzi zilizokuwa zikipayuka zimekufa, na mguu umeingia kwenye kimya. Mgonjwa huona nafuu katika hali zote mbili. Maumivu yanamtesa mtu, lakini kinachomkata mguu mara nyingi ni kutosikia maumivu.

Funzo hili lilitoka kwenye ukoma. Mwaka 1873 Gerhard Armauer Hansen wa Norwei alitambua kijidudu cha ukoma, ambacho kina tabia ya kupenda neva zilizo karibu na ngozi. Hata baada ya hapo watu, waganga wa hospitali wakiwemo, waliendelea kuamini kwamba nyama ya mgonjwa inaoza na vidole kuanguka vyenyewe. Daktari mpasuaji Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India tangu miaka ya 1940, alichunguza vidonda vya wagonjwa kimoja kimoja na kukuta visa vya kawaida kabisa: aliyeshika chombo cha moto bila kujua, aliyekaza mpini kupita kiasi, aliyetembea siku nzima na msumari kiatuni. Mkono usiohisi ulikuwa unaharibiwa na kazi za kila siku. Baadaye alihamia Marekani, kwenye hospitali ya ukoma ya Carville, na ujuzi ule ukahamishiwa kwenye miguu ya wenye kisukari, kwa kuwa kidonda kilikuwa kilekile. Ule uzi wa nailoni anaokugusisha daktari kwenye nyayo umefumba macho, unaopinda ukikandamizwa kwa uzito wa gramu 10, umepita mikononi mwa waliotibu ukoma. Usipouhisi, kinga ya asili ya mguu wako imeondoka na wewe ndiye mlinzi wake sasa.

Nini kinaziua?

Nyuropathi haijitoshelezi kama jibu la uchunguzi. Ni kama kuambiwa una homa. Swali linalofuata, na ambalo mgonjwa ana haki ya kulirudia mpaka lijibiwe, ni imetokana na nini.

Kisukari kinaongoza. Takribani nusu ya wanaoishi nacho hatimaye hupata uharibifu wa neva wa kiwango fulani, na kwa baadhi ya watu ganzi huanza wakati sukari imepanda kidogo tu, kabla haijafika kiwango cha kuitwa kisukari. Sukari nyingi huidhuru seli ya neva yenyewe na pia vijishipa vya damu vinavyoilisha. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada kati ya 1983 na 1993 kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa karibu kulipunguza uharibifu wa neva kwa kama asilimia 60. Kwa aina ya pili faida ipo lakini ni ndogo zaidi, pengine kwa sababu uzito, mafuta ya damu na shinikizo navyo vina mkono wao.

Kuna jambo hapa ambalo wagonjwa wachache huambiwa. Sukari iliyokaa juu kwa miaka ikishushwa kwa kishindo, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kikaanguka kwa zaidi ya pointi mbili za asilimia ndani ya miezi mitatu, mtu anaweza kulipuka maumivu makali ya neva ambayo hakuwa nayo. Mgonjwa huona amefanya kila alichoagizwa na malipo yake ni moto miguuni, akaacha dawa. Hali hii hutulia yenyewe kwa miezi kadhaa. Kuijua mapema humzuia mtu kukata tamaa, na humkumbusha daktari kushusha sukari kwa hatua.

Vitamini ndizo zenye mkanganyiko mkubwa kuliko vyote, nami nitakaa hapo kidogo.

Kwamba chakula kinaweza kuua neva kulijulikana kupitia kuku. Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akiwa kisiwani Java (Indonesia ya leo), aliona kuku wa maabara wakipooza miguu kama wagonjwa wa beriberi, kisha wakapona. Walikuwa wamelishwa mchele uliokobolewa ukawa mweupe; waliporudishiwa ule wenye ganda lake la ndani wakasimama. Kilichokosekana, kama ilivyokuja kujulikana, kilikuwa vitamini B1, na Eijkman alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Leo upungufu wa B1 huonekana zaidi kwa wanywaji wa pombe wa muda mrefu, wanaotapika sana, na waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Pombe yenyewe pia ni sumu ya neva, hivyo mnywaji hupigwa kutoka pande mbili.

B12 ni habari nyingine. Upungufu wake huharibu neva za pembeni na uti wa mgongo pia, na unaweza kufanya hivyo wakati damu bado iko ya kutosha, kwa hiyo kuambiwa huna upungufu wa damu hakukutoi kwenye hatari. Wanaokosa B12 ni wasiokula kabisa vitu vitokanavyo na wanyama, wazee ambao matumbo yao hayainyonyi vizuri, wanaotumia kwa miaka dawa za kupunguza asidi tumboni, na wanaomeza metformini. Rudia hilo la mwisho: dawa inayotumiwa zaidi kutibu kisukari cha aina ya pili inaweza kushusha B12, na B12 ikishuka huleta ganzi inayofanana kabisa na ganzi ya kisukari. Mtu anapimwa sukari, sukari inalaumiwa, na sababu inayotibika kwa sindano za bei nafuu inapita bila kuonekana. Usiache metformini, omba upimwe B12.

Kisha kuna B6, na hapa ndipo watu wanapojiumiza kwa nia njema. Ikipungua huleta nyuropathi. Ikizidi, huleta nyuropathi vilevile. Mwaka 1983 madaktari Marekani walieleza wagonjwa saba waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kwa siku, wakaishia kuyumba na kufa ganzi mikono na miguu. Mahitaji ya mtu mzima ni kama miligramu 1.3 tu, na mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilishusha kikomo chake hadi miligramu 12 kwa siku. Sasa chukua kopo la vidonge vya kuimarisha neva usome kiasi cha B6 kilichoandikwa pembeni. Vingine vina miligramu 100 katika kidonge kimoja, na anayekunywa viwili vitatu kwa siku kwa sababu ganzi haiishi, huenda anaichochea kuni. Kipimo kidogo alichoandikiwa anayetibiwa kifua kikuu, kwa kawaida miligramu 10 hadi 25, ni suala tofauti kabisa: dawa ya isoniazidi huiondoa B6 mwilini, na yule anapaswa kuimeza.

Dawa nyingine zina rekodi yao. Stavudini, iliyookoa maisha ya wengi wenye VVU, iliunguza neva kiasi kwamba mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziiondoe taratibu. Virusi vyenyewe pia huharibu neva. Kwa wenye saratani, dawa za vinkristini, paklitakseli, sisplatini na oksaliplatini zinajulikana. Zile zenye platini zina ukorofi wa ziada, kwani ganzi inaweza kuendelea kuongezeka miezi miwili mitatu baada ya dozi ya mwisho, mtu akadhani saratani imerudi. Metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu, ikitumika kwa muda mrefu nayo imo.

Waliobaki nitawataja haraka: ukoma, figo zilizochoka, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, sumu za madini ya risasi na arseniki, magonjwa ya kurithi, na yale ambayo kinga ya mwili inashambulia neva zake yenyewe. Kwa kama robo hadi theluthi ya wagonjwa sababu haipatikani hata baada ya vipimo vyote. Hilo linaudhi, lakini aina hiyo kwa kawaida huenda polepole na mara chache humfikisha mtu kwenye kiti cha magurudumu.

Kundi moja halingoji miadi. Udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwa siku chache, ngazi zikashindikana leo na kesho kutwa mikono ikawa mizito, ni dharura, kwa kuwa misuli ya kupumua inaweza kufuata. Wafaransa Guillain, Barré na Strohl waliueleza ugonjwa huu mwaka 1916 kwa askari wawili, na leo hutibiwa kwa kingamwili za kuingizwa mshipani au kwa kubadilisha majimaji ya damu. Ni dharura pia ganzi ikishika sehemu za siri na makalio pamoja na mkojo kuzuilika au kutoka ovyo.

Vipimo vya kuanzia si vya kutisha: sukari, B12, figo, tezi, VVU, na protini za damu. Kipimo cha umeme wa neva kinasaidia, ila kinasoma nyuzi nene tu. Mtu ambaye nyuzi zake nyembamba ndizo zilizoungua hutoka na majibu safi huku nyayo zikiwaka, na huambiwa hana kitu. Ana kitu. Kwake yeye jibu hupatikana kwa kukata kipande kidogo sana cha ngozi na kuhesabu nyuzi zilizobaki.

Dawa mbili, kazi mbili

Kosa linaloleta malalamiko mengi ni kuchanganya dawa inayozuia neva zisiendelee kufa na dawa inayotuliza kelele. Ya kwanza inategemea sababu: kudhibiti sukari, kurudisha B12, kuacha pombe, kubadilisha dawa iliyosababisha. Ya pili haiponyi neva hata moja, na haijawahi kuahidi hivyo.

Parasetamoli na ibuprofeni kwa maumivu haya husaidia kidogo au zisisaidie kabisa, kwa sababu kazi yake ni maumivu ya majeraha na uvimbe. Ibuprofeni ya kila siku, kwa mwenye kisukari ambaye figo zake tayari ziko mashakani, ni hasara tupu. Zinazofanya kazi zilitokea kwingine: amitriptilini na duloksetini zilianza kama dawa za sonona, gabapentini na pregabalini kama dawa za kifafa. Mgonjwa husoma karatasi ya ndani ya boksi, anaona sonona au kifafa, anarudi nyumbani na hasira kwamba daktari amemwona mwenda wazimu. Hajaonwa hivyo. Neva inayopayuka inatumia umeme na kemikali zilezile ambazo dawa hizi huzipunguza kasi.

Matarajio yawe ya kweli. Dawa hizi zikipimwa dhidi ya kidonge kisicho na dawa, inabidi kutibu kama watu wanne hadi wanane ili mmoja zaidi apate maumivu kupungua kwa nusu. Nusu inatosha kumrudishia mtu usingizi, na usingizi wenyewe hupunguza maumivu, ila hakuna anayepaswa kuahidiwa sifuri. Huanzwa na kipimo kidogo, amitriptilini mara nyingi miligramu 10 hadi 25 usiku, kisha hupandishwa, na haihukumiwi mpaka wiki kadhaa zipite kwenye kipimo cha maana. Wanaosema walijaribu zote zikashindwa, wengi wao walimeza kila moja siku tano kwa kipimo cha kuanzia. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha amitriptilini, duloksetini na pregabalini kwa wenye kisukari na kukuta zinakaribiana; ambaye moja haikumtosha, kuongezewa ya pili kulimsaidia.

Basi uchaguzi huongozwa na madhara. Amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo, hulevya asubuhi, na haiwafai wenye moyo wenye hitilafu ya mapigo au tezi dume iliyovimba. Gabapentini na pregabalini huleta kizunguzungu na kuvimba miguu, na kipimo lazima kipunguzwe figo zikiwa dhaifu. Duloksetini ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kwa maumivu yaliyoletwa na dawa za saratani. Hakuna kati ya hizi inayoachwa ghafla. Dawa za jamii ya mofini zina nafasi ndogo mno hapa, na mlango wa kutokea ni mwembamba kuliko wa kuingilia.

Iko pia pilipili. Kemikali inayoifanya pilipili iwashe, kapsaisini, hugusa mlango uleule kwenye neva unaofunguka kwa joto kali; ugunduzi wa mlango huo ulimpa David Julius wa Marekani sehemu ya Nobel ya mwaka 2021. Ukiuchosha mlango kwa krimu ya kila siku au kwa kiraka cha asilimia 8 kinachobandikwa kliniki, unalegea kwa wiki kadhaa. Siku za mwanzo krimu huwasha kweli. Osha mikono kabla hujagusa macho, na kamwe usiipake penye kidonda.

Kuishi nayo

Mguu usiohisi unalindwa kwa macho na mikono. Uangalie kila jioni, juu, chini na katikati ya vidole. Usipoweza kuinama, weka kioo sakafuni au umpe mtu aangalie. Ingiza mkono ndani ya kiatu ukipapase kabla ya kuvaa. Maji yapimwe kwa kiwiko, maana mguu uliokufa ganzi utakuambia maji yanayochemka ni vuguvugu. Chupa ya maji ya moto kitandani, kuanika miguu kwenye moto, na kutembea peku hata ndani ya nyumba, viwe vimekwisha. Sugu usiikate na wembe: mara nyingi chini yake kuna kidonda kinachojificha, na sugu ndiyo inayokikandamiza.

Kidonda kisichouma hakimpi mtu sababu ya kwenda hospitali, na hapo ndipo miguu hupotelea. Kati ya wenye kisukari, kama mmoja katika watatu hadi watano hupata kidonda cha mguu wakati fulani maishani. Kipeleke siku ulipokiona. Na mguu ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, bila kidonda na bila maumivu makubwa, usiukanyagie tena mpaka uonwe: mifupa inaweza kuwa inavunjika ndani kimyakimya, na kila hatua inaubomoa zaidi.

Kuanguka ni hatari inayosahaulika. Nyuzi nene zikifa, mtu hutumia macho kujua miguu iko wapi, hivyo huyumba gizani, na huyumba akifumba macho kunawa uso. Taa ndogo ya usiku, kitu cha kushika bafuni, na mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja ukiwa umeshikilia meza vina faida kuliko watu wanavyodhani. Kutembea hakuharibu neva, ilimradi viatu vinatosha na nyayo hazina kidonda. Anayeendesha gari ajiulize bila kujidanganya kama anahisi pedali.

Usiku, shuka likiwa adui, kitu cha kulinyanyua miguuni, hata boksi, huliondoa juu ya vidole. Maji ya baridi ya kawaida yanapoza. Barafu juu ya ngozi isiyohisi inaunguza kama moto.

Kupona kupo, lakini kuna mwendo wake. Uzi wa neva uliokatika hukua kama milimita moja kwa siku hali ikiwa nzuri, kwa hiyo safari ya kutoka mgongoni hadi kidoleni ingechukua karibu miaka mitatu, na nyuzi zilizoumia zamani mara nyingi hazifiki mwisho. Walioanza sindano za B12 mapema hupata nafuu kubwa. Waliochelewa hupata kusimama kwa ugonjwa, ambako nako si haba. Wakati mwingine nyuzi zinazoamka huwashawasha, mtu akadhani anarudi nyuma. Njia rahisi ya kujua ni kalamu: pitisha kipande cha pamba taratibu kutoka kidoleni kwenda juu, chora mstari pale unapoanza kuhisi, pima umbali wake kutoka kwenye kifundo, uandike pamoja na tarehe. Rudia baada ya miezi mitatu, uende na karatasi hiyo kwa daktari.